Biti ikivunjika, usilaumu chuma

Wewe unayeunda roboti au boksi ya spika pale bedsitter yako, hebu sikiza. Biti ya milimita 2 ikikukatikia ndani ya chuma, usikimbilie kumlaumu aliyekuuzia. Mara nyingi kinachoivunja ni pupa na mkono unaoyumba.

Wengi wetu tunakandamiza keekee kama tunasukuma matatu iliyokwama. Hapo ndipo pesa zinaisha. Biti nyembamba inataka kasi kubwa na mkono mwepesi. Kwa chuma laini cha kawaida, biti ya HSS ya milimita 2 hukata vizuri kwenye mizunguko kama 4000 kwa dakika. Kwa stenlesi, punguza kasi hadi nusu, na usiache biti isugue bila kukata, maana chuma hicho kikisuguliwa huzidi kuwa kigumu.

Gonga alama kwa panchi kwanza, biti isiteleze. Bana kipande kwenye jiriwa. Tia tone la mafuta, na uitoe biti kila baada ya muda mfupi ili chembe zitoke. Miwani nayo si urembo, jicho halina spea.

Haya yote mafundi wa Kamukunji wanayajua, na wengi hawana cheti. Mimi pia chuo sikumaliza, lakini si hoja. Hoja ni kwamba tunawaita wa jua kali kwa dharau, kisha usiku tunatafuta ujuzi wao kwa video. Jumamosi hii nenda, msalimie fundi, mwombe akuonyeshe, na umlipe muda wake.