Duka Rasmi Nalo Lina Wezi

Mwenzangu ameandika kwamba kila anayesakinisha programu kutoka nje ya Play Store anajitakia kuibiwa, na kwamba njia hiyo ifungwe kabisa. Namuuliza: zile programu za mikopo zilizochota namba za simu za Wakenya, kisha zikawapigia wakwe na mabosi wa wadaiwa, zilitoka wapi? Nyingi zilipakuliwa humo humo dukani. Google ilianza kudai leseni ya Benki Kuu ya Kenya mwaka 2023, watu wakiwa wameshaaibishwa.

GBWhatsApp, WhatsApp isiyo rasmi ya kurushiwa na jirani, sitaitetea, ni hatari kweli. Lakini tangu Android 8 ya mwaka 2017, simu huomba ruhusa kwa kila chanzo peke yake. Tena sasisho lenye sahihi tofauti na ya programu ya awali hukataliwa. Duka jingine, F-Droid, nalo hupokea programu ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuukagua. Play Store haidai hilo.

Wafundisheni watu kusoma ruhusa kabla ya kubonyeza. Kuiachia kampuni moja ya Marekani iamue kipi kiingie katika simu niliyoinunua kwa fedha zangu, hapana.