Tusihesabu vyandarua tu, tuulize aina

Wadau, mbu Anopheles gambiae jike anapenda damu ya mtu, tena usiku wa manane, ndani ya nyumba. Ndo maana chandarua kinambana. Ila Muleba alishaizoea dawa ya vyandarua vya kawaida. Watafiti wakajaribu vyenye PBO, inayomzuia mbu kuivunja ile dawa mwilini. Matokeo yalitoka 2018: baada ya miezi 9, watoto wenye vimelea walikuwa 29%, kwenye vyandarua vya kawaida 42%.

Tatizo ni ndugu yake, arabiensis. Huyu anafyonza hata ng'ombe, na anang'ata hata nje, kabla hatujalala.

Mimi nasema hivi: wakigawa vyandarua, Bukoba au Muleba, tusiulize "vingapi?" tu. Tuulize "vya aina gani?" Na pale kibarazani jioni, tunajikingaje? Mnasemaje?