Mlima Hauko Kwenye Damu

Kuna wakati kikundi cha haiki kutoka Nairobi kilinipigia simu. Watu 14, matatu moja, na walitaka mtu wa kuwaingiza msituni juu ya Runyenjes. "Wewe si ni wa huko?" Ni kweli mimi ni wa huko. Nilizaliwa Runyenjes, nikasomea Runyenjes, nikaenda chuo, nikaacha chuo mwaka wa tatu, nikarudi Runyenjes. Nikasema sawa, nikataja bei, M-Pesa ikaingia.

Kufikia saa nane mchana nilikuwa nimewapoteza wote 14, na mimi wa 15. Ukungu ulishuka, tukavuka kijito nilichodhani tulikivuka asubuhi, kumbe hatukuwahi kukiona. Nilikuwa nimevaa jeans, na jeans ikilowa huko juu unaivaa kama barafu. Tochi yangu ilikuwa simu, na simu ilikuwa asilimia 9. Tuliokolewa na shosho mmoja aliyebeba kuni mgongoni, kamba ya mkwa imemkaa kichwani. Aliniuliza swali moja tu: "Na wewe ni kijana wa nani?" Nikamtajia jina la guka. Akanitazama kutoka viatuni hadi kichwani, akageuka, akatuongoza hadi barabarani bila kuongeza neno.

Tangu siku hiyo nina ugomvi na sentensi mbili.

Ya kwanza mnaijua: haiki ni mambo ya wazungu. Hii sitaipotezea muda. Mackinder alifika kilele cha Batian mwaka 1899 akiwa na waongozaji wawili kutoka Alpi, lakini mizigo yake ilifikishwa huko na wapagazi Waswahili na Wakikuyu. Usiku wa uhuru, Desemba 1963, aliyesimamisha bendera yetu pale Lenana alikuwa Kisoi Munyao. Na leo ukishuka Chogoria, si mbali na hapa kwa matatu, utapata wasee wa rika langu wanaobeba mahema ya watu wengine mara nyingi kuliko mimi ninavyobeba begi la sokoni. Wazungu gani?

Ya pili ndiyo mbaya, kwa sababu inasemwa na watu wanaotupenda: Mwafrika hahitaji kufundishwa msitu, uko kwenye damu yake. Ndiyo sentensi iliyowafanya watu 14 wanikabidhi maisha yao bila kuniuliza hata kama nina dira. Na mimi niliipokea pesa kwa sababu niliiamini pia.

Damu haina ramani, wasee. Ujuzi hupitishwa na mtu kwa mtu, na hapa kwetu mkono huo ulikatwa. Oktoba 1952 wakoloni walitangaza hali ya hatari. Msitu ukawa eneo ambalo ukionekana ndani unaweza kupigwa risasi. Watu walifungiwa vijijini, wakalazimishwa kuchimba handaki kando ya msitu wa Mlima Kenya ili chakula kisiwafikie waliokuwa ndani. Hao wa ndani, watu kama Jenerali Kubukubu wa hapa Embu, ilibidi wajue baridi, maji, nyayo na njia, la sivyo wafe. Lakini mzazi aliyeona watu wakiuawa kwa kuingia msituni hamwambii mtoto wake, njoo nikuonyeshe. Anamwambia, rudi nyumbani. Baadaye uhuru ukaja, msitu ukabaki wa serikali, wenye askari na vibali. Waliobaki wakiingia ni akina shosho, kwa sababu sufuria haingoji kibali. Halafu tunashangaa kijana wa Runyenjes hajui mto ulioko nyuma ya mgongo wa tatu.

Shule ingeweza kuunga mkono huo uliokatwa. Hapa ndipo hasira yangu inapochemka. Kidato cha pili tulifundishwa kusoma ramani, kipimo cha 1:50,000. Tulihesabu miraba, tukachora sehemu-mkato, tukatafuta mteremko kati ya pointi mbili kwa sababu swali la ramani linakuja KCSE. Kirimiri tuliuona kutoka uwanjani, kilima kizima chenye msitu wake, umekaa hapo kama mwalimu asiye na darasa. Hakuna siku hata moja tulipewa ramani yetu wenyewe tukaambiwa, pandeni, mtuonyeshe mlipo. Nilipata B ya jiografia. B hiyo haikujua kwamba mito ya upande wetu inashuka kutoka mlimani kati ya migongo kama vidole vya mkono, kwa hiyo ukivuka maji ambayo hukupanga kuvuka, umehama kidole. Sentensi moja tu hiyo ingetutoa kabla ya giza.

Nimejifunza nini tangu hapo? Kidogo, na polepole. Nilinunua ramani pale Survey, Ruaraka. Buti nilipata Gikomba, na sweta ya sufu, mtumba pia, kwa hiyo msiniambie vifaa ni vya matajiri. Nimepanda Kirimiri Jumamosi nyingi nikikosea. Na nilimtafuta yule shosho. Alicheka sana, kisha akanionyesha jinsi ya kufunga mzigo: kizito kikae juu na karibu na mgongo, kisining'inie nyuma, kwa sababu kikining'inia kitakuvuta. Kitu hichohicho nilikikuta baadaye kwenye video ya Mmarekani mwenye begi la bei ya ng'ombe.

Wenye vikundi, hii sasa ni yenu. Mnauza usafiri, vitafunio na picha, mnaita hiyo haiki. Mteja anarudi South B hajui alikuwa upande gani wa mlima. Siku mtakapompeleka Lenana, mita 4,985, nani atamwambia kwamba kichwa kikianza kuuma hapandi zaidi, na kikizidi anashushwa hata kama kilele anakiona? Mwongozaji mliyemlipa kiasi ambacho hata koti la mvua hakinunui?

Mwezi uliopita nilipigiwa simu tena, kikundi kingine. Nilisema nitawapeleka, bei ni ileile. Lakini kibali tunalipia, kila mtu anashika ramani kwa zamu, hakuna jeans, na saa saba tunageuka hata kama tumebakisha mita mia. Wakasema watajadiliana kwanza halafu watanipigia.

Bado nangoja.