Klabu za wanafunzi wa programu zisihitimu pamoja na viongozi wao

Wengi wenu mnaosali nasi hapa Kibaigwa mnaishi kwa soko la mahindi. Asiyeuza hupakia, asiyepakia hushona magunia, na asiyeshona huwapikia madereva wa malori yanayopita kati ya Dodoma na Morogoro. Hatudhani basi kwamba tutakuwa tumewatoa nje ya mambo yenu tukizungumzia leo klabu za wanafunzi wa vyuo vikuu wanaosomea uhandisi wa programu za kompyuta, kwa kuwa jambo lao limekwisha kutufikia ghalani.

Misimu miwili iliyopita kikundi kimoja cha wakulima kilitengenezewa programu na klabu ya aina hiyo. Vijana walikuja wakati wa likizo, na wawili kati yao ni watoto tuliowasomesha wenyewe tangu alifu na be, hata tukaona fahari. Programu iliandika jina la mkulima, uzito wa mahindi aliyoyaweka, tarehe, na kiasi alichokwisha kuchukua, kisha mkulima akapata ujumbe katika simu yake. Daftari la karani likawekwa pembeni, na baada ya muda likasahauliwa. Ulipofika mwezi wa Julai, ghala limejaa, programu ikakataa kufunguka. Akapigiwa simu kijana aliyekuwa kiongozi wa klabu. Alikuwa amekwisha kuhitimu, amepata kibarua mji wa mbali, na namba yake haipatikani. Waliobaki klabuni walijibu kwa adabu kwamba wao hawana neno la siri, na wala hawajapata kuisoma kazi ile, kwani iliandikwa na fulani. Mzee mmoja akadai magunia kumi na manne, karani akakumbuka kumi na moja. Hakuna kati yao tunayemjua kwa uongo. Ikabidi wagawane tofauti, na mpaka leo salamu zao ni za mdomoni tu.

Ni wepesi kumtupia lawama kijana yule. Sisi tunaona kwamba klabu yenyewe iliendeshwa kwa namna ambayo, hata angekuwa kijana mwingine, mwisho ungekuwa ule ule. Aghalabu klabu hizi huwa na kiongozi mmoja hodari anayejua kila kitu. Yeye ndiye mwenye kuandika sehemu ngumu ya programu, ndiye aliyeikodi kwa jina lake kompyuta ya mbali inayoihifadhi, ndiye anayelipia kila mwaka jina la tovuti kwa fedha ya mfukoni mwake. Wenzake huja kusikiliza mihadhara na kupiga picha. Hata klabu zile ambazo kampuni ya Google ilizilea katika vyuo vya nchi nyingi, na ambazo mwaka 2024 ilizibadilisha jina, zilizoeleka kuwa na kiongozi mmoja anayeteuliwa kwa mwaka mmoja wa masomo. Mwaka ni mfupi mno. Kijana hajamaliza kujifunza kazi, muda wake umekwisha.

Wenye umri mkubwa miongoni mwetu wanaweza kukumbuka kwamba nchi hii imekwisha kuonja matunda ya elimu kushikwa na wachache. Kompyuta ya kwanza iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mfumo wa hesabu za Serikali uliojengwa juu ya mashine hizo ulishindwa, katika wakati ambapo wataalamu walioutegemeza walikuwa kwa sehemu kubwa wageni, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hiyo ilituchelewesha miaka mingi. Leo hatuna uhaba ule. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kina ndaki nzima ya elimu ya kompyuta, na watoto wa Kongwa, Mpwapwa na Gairo wanasoma humo. Basi itakuwa ajabu tukiwa na wataalamu wa nyumbani kisha tukaangushwa na ugonjwa ule ule.

Tunapendekeza nini? La kwanza ni kwamba kila kazi ya klabu iwe na wamiliki wawili, na mmoja wao awe wa mwaka wa pili, ili mkubwa akiondoka, mdogo abaki na funguo. Maneno ya siri, malipo ya tovuti na orodha ya watumiaji viwe kwa jina la klabu, chini ya mlezi ambaye ni mwalimu wa chuo. Makabidhiano yafanywe mapema, mkubwa akiwa bado yupo wa kuulizwa. Anayekabidhiwa aizime programu na kuiwasha upya mwenyewe, mbele ya wenzake, bila kusaidiwa. Akishindwa, makabidhiano hayajafanyika, hata kama karatasi imetiwa saini.

La pili ni kuhusu vikao. Sisi tuliosoma katika halaka tunajua kwamba mwanafunzi hapewi ruhusa ya kusomesha kitabu kwa sababu alihudhuria. Alikisoma mbele ya shekhe wake neno kwa neno, akasahihishwa. Klabu nazo zifanye hivyo. Badala ya muhadhara wa kila wiki na hakathoni, yaani yale mashindano ya kutengeneza programu kwa siku mbili tatu ambayo kazi zake nyingi husahaulika zawadi zikishagawiwa, wakae wasome pamoja programu aliyoiandika mwenzao, aulizwe kwa nini hapa na kwa nini pale. Chombo cha kuwasaidia wanacho. Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, huhifadhi kila badiliko la programu pamoja na jina la aliyelifanya, tarehe na maelezo yake. Aliyesoma elimu ya hadithi ataitambua mara moja: ni isnadi. Lakini isnadi yenye jina moja tu mwanzo hadi mwisho haimpi msomaji utulivu, na ndivyo tulivyoambiwa ilivyokuwa kumbukumbu ya kazi ya ghala letu. (Na vikao hivyo visiwekwe saa tatu za usiku, wakati mabinti wamekwisha kurudi mabwenini, halafu ikasemwa kwamba mabinti hawapendi kompyuta.)

La tatu, na hili tunalisisitiza kwa sababu tumeliona kwa macho, vijana waje sokoni kabla ya kuandika herufi moja. Programu ile mara ya kwanza ilihesabu magunia. Karani akawauliza, gunia lipi? Kuna gunia lililoshonwa sawasawa na kuna lumbesa iliyojazwa mpaka ikaota kichwa, na mkulima ameumia miaka kwa vitu viwili hivyo kuitwa jina moja. Ikabidi waanze upya kwa kilo. Saa moja ya kusimama karibu na mizani ingewaokolea wiki tatu. Wangejua pia kwamba mavuno ya huku hushika kasi kuanzia Mei hadi Julai, na mitihani ya mwisho wa mwaka vyuoni mara nyingi huangukia humo humo. Yaani mkulima anawahitaji siku zile zile wasizoweza kuja. Ratiba ya klabu ipangwe kwa kulijua hilo.

Tumejibiwa na baadhi ya vijana kwamba wao wanajitolea, hawalipwi, na klabu ni mahali pa kujifunzia. Hoja hiyo ina uzito. Lakini aliyekuja kujifunza amwambie mkulima hivyo kabla ya daftari kuwekwa pembeni. Majina na namba za simu za watu walizichukua, na kuhusu hizo ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, haikuwasamehe wanaojitolea.

Na sisi je? Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi, nasi tunaisoma kila Ramadhani. Hata hivyo tuliiacha haki ya watu mikononi mwa kijana mmoja, bila mkataba na bila nakala ya karatasi, kwa kuwa tu alikuwa mwenye akili na mtoto wa nyumbani. Kikundi hakikumuuliza kamwe swali la kawaida ambalo kila mwenye duka humuuliza mwuzaji wake: ukiondoka, nimtafute nani?

Klabu imeomba kurudi likizo ijayo, ikiwa na viongozi wapya. Wazee wa kikundi walitaka kukataa. Tumewashauri wakubali kwa masharti: waje wawili kwa kila kazi, mlezi wao aandike barua, na kila Ijumaa orodha yote ya ghala ichapishwe na kubandikwa ukutani, mkulima ajisomee. Karani naye ameambiwa aendelee kuandika katika daftari lake.