Nyeri, Si Kisukari Pekee: Sukari ya Chai Inafika Hadi Kwa Moyo

Ambia msee wa Nyeri, Karatina ama Othaya apunguze sukari, jibu analo tayari: "Mimi sina kisukari." Ni kama vile vijiko vitatu kwa kikombe ni shida ya wagonjwa peke yao. Zii, hapo tunajidanganya.

Desemba 2018, serikali ilianza majaribio ya afya kwa wote kwa kaunti nne: Kisumu, Machakos, Isiolo na Nyeri. Nyeri iliingia kwa sababu ya mzigo wa magonjwa yasiyoambukiza, kisukari kikiwa mbele. Lakini hata leo, stori ya sukari huku mlimani ni kisukari tu. Moyo umesahaulika.

Iko hivi. Nusu ya sukari ya mezani ni fruktosi, na kazi ya kuishughulikia inaangukia zaidi ini. Ukizidisha, ini linageuza ziada kuwa mafuta na kuyaachilia kwa damu. Hayo ndiyo trigliseridi. Yakipanda, kolesteroli nzuri nayo mara nyingi inashuka, na hatari ya moyo inaongezeka. Unaweza kukaa mwaka mzima bila nyama choma na bado damu ijae mafuta.

Utafiti wa Marekani wa 2014 ulilinganisha watu. Waliopata asilimia 17 hadi 21 ya kalori zao kutoka kwa sukari ya kuongezwa walikuwa na hatari ya kufa kwa magonjwa ya moyo iliyozidi kwa asilimia 38 ile ya walioishia asilimia 8. Haimaanishi sukari pekee ndiyo iliwamaliza, lakini si dalili ya kupuuza.

Sasa piga hesabu yako. Vikombe vitatu vya chai, vijiko vitatu kila kimoja: gramu 36. Ongeza soda ya mililita 300, zaidi ya gramu 30 tena. Shirika la Afya Duniani linasema usipitishe gramu 50 kwa siku, na ukishuka chini ya 25 ni poa zaidi. Asali na juisi pia zinahesabiwa. Ngwaci na nduma hazimo, kula tu.

Kenya, bei ya sukari ikipanda kila mtu anapiga kelele. Nani anauliza tunakula ngapi? Nchi inatumia karibu tani milioni moja kwa mwaka. Gawanya kwa watu milioni 50: kilo 20 kila mtu, hadi mtoto. Bili ya moyo ikija, ni harambee na shamba kuuzwa.

Kwa hivyo ukienda kupimwa, usiishie presha na kisukari. Omba kipimo cha mafuta ya damu pia. Halafu toa kijiko kimoja kwa kikombe, wiki ijayo kingine. Ulimi utazoea. Moyo ukishaumia, kuurudisha ni noma.