Taa Iliyonyamaza Kiooni



Mwezi huu naomba radhi kuanza na kisa changu mwenyewe, kwani nakhofu yaliyonifika mimi yanaweza kumfika kila mzazi anayepakia watoto garini.

Jumamosi moja ya Januari, baada ya alasiri, nilikuwa natoka Small Heath kuwachukua watoto chuoni. Gari letu ni lile la viti saba, na vyote vilikuwa vimejaa: wanangu wanne na wawili wa jirani. Tulipokuwa katika Small Heath Highway nilitaka kuhama kutoka mstari wa kushoto kwenda wa kulia. Niliwasha indiketa, nikatazama kioo. Ile taa ndogo ya manjano iliyomo kiooni, ambayo huwaka chombo kingine kinapokuwa ubavuni, haikuwaka. Nikageuza usukani. Mara binti yangu akapiga ukelele kutoka nyuma: “Baba, pikipiki!” Nikarudisha usukani, na yule mwenye pikipiki akapita karibu mno na mlango wetu. Alhamdulillahi, hakuna aliyeumia. Lakini usiku ule sikulala, kwa sababu nilijua kuwa taa ile ilikuwa na maradhi tangu Desemba, leo inawaka na kesho haiwaki, nami nikaendelea kuiamini.

Yafaa tukifahamu chombo chenyewe. Katika magari mengi, ndani ya bampa ya nyuma, kila pembe mna kisanduku kidogo cha rada, ambacho mafundi hukiita sensa. Hutoa mawimbi ya redio. Mawimbi yakigonga chombo kilicho ubavuni hurejea, na kompyuta ya gari huwasha taa kiooni. Kimewekwa kwa sababu kioo hakionyeshi kila mahali. Ubavuni mna upofu, na katika gari refu, lenye madirisha yaliyozibwa na vichwa vya watoto na mabegi, upofu huo huzidi.

Ila kisanduku hicho kinakaa mahali pa taabu: chini, nyuma, penye matope, maji na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa barafu. Maji yakipenya katika plagi, shaba hushika kutu ya kijani, na taa huanza kuwaka na kuzimika bila mpango. Theluji ikiganda juu ya bampa, rada hupofuka kwa muda. Bampa ikigongwa, hata kidogo wakati wa kuegesha, kisanduku huweza kupinda kikatazama kwingine. Na bampa iliyopigwa puti na rangi nzito huzuia mawimbi yasipite. Tena, katika magari mengi chombo hicho hakifanyi kazi gari linapokwenda polepole, jambo ambalo sikulijua mpaka nilipokisoma kitabu cha gari.

Fundi wa kwanza alibadilisha sensa ya kulia, nikalipa zaidi ya pauni 400. Baada ya wiki tatu maradhi yakarudi. Fundi wa pili alifungua bampa akakuta puti nene chini ya rangi. Kumbe gari liliwahi kugongwa kabla hatujalinunua, nasi hatukuambiwa. Isitoshe, sensa mpya ilifungwa bila kupimwa na kurekebishwa kwa kompyuta, kama inavyotakiwa.

Hapa ndipo nilipokosea, na napenda mwenzangu asikosee. Sheria ya mwaka 2015, iitwayo Consumer Rights Act, humlinda anayenunua gari kwa mfanyabiashara, hata likiwa limekwisha kutumika. Likiwa na kasoro iliyokuwamo tangu kuuzwa, ndani ya siku 30 za mwanzo mnunuzi aweza kulirudisha na kudai fedha zake zote. Baada ya hapo muuzaji hupewa nafasi moja ya kulitengeneza. Akishindwa, mnunuzi ana haki ya kupunguziwa bei au kulirudisha, ingawa hukatwa kiasi kwa matumizi. Na kasoro ikidhihirika ndani ya miezi 6, kwa kawaida huhesabiwa kuwa ilikuwamo tangu mwanzo, mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo.

Mimi nilikuwa katika mwezi wa nne tu. Lakini badala ya kumwandikia muuzaji, nilikimbilia kwa fundi, na muuzaji akaishika hoja hiyo kuwa gari limekwisha kufunguliwa na mkono mwingine. Baada ya barua tatu alikubali kulipia bampa na kazi ya pili; pauni zangu 400 zikapotea. Basi, ndugu msomaji, andika barua kwanza na uweke nakala. Ukikwama, nenda Citizens Advice, ambao hushauri bila malipo. Tazama pia katika tovuti ya serikali, kwa namba ya gari lako, kama kiwanda kimetangaza magari ya aina hiyo yarudishwe kutengenezwa. Wala usijitulize kwa cheti cha MOT, maana ukaguzi huo haupimi sensa hizi.

Lipo jambo jingine. Fundi mmoja alinipa ushauri mwepesi: aizime taa ya onyo kwenye dashibodi, kisha niliuze gari kwa mtu mwingine. Nakiri kuwa kwa dakika moja nilipiga hesabu. Kisha nikajiuliza ni watoto wa nani watakaokaa viti vile vya nyuma. Kuficha aibu ya bidhaa ndiko huko huko nilikokuwa nikikulalamikia katika barua zangu, na ni dhulma hata kama mnunuzi hatojua kamwe.

Leo taa inafanya kazi, lakini sikuirudishia imani yangu yote. Chombo kinachopiga kelele bure huudhi tu. Kinachonyamaza penye hatari ndicho kinachoangamiza, kwa kuwa kimya chake hufanana na salama. Highway Code, ambayo wengi wetu tuliisoma kwa ajili ya mtihani wa leseni, inasema wazi kuwa vioo havionyeshi kila mahali na kwamba dereva hana budi kugeuka atazame. Wajibu huo haukuondolewa na rada.

Hivyo garini mwetu kuna kanuni mpya: kioo, indiketa, kisha shingo. Binti yangu amejifanya msimamizi wake. Nikisahau, husikia sauti kutoka kiti cha nyuma: “Baba, shingo!” Nami hugeuka, bila kunung’unika.

Wabillahi tawfiq.