Maoni: Madoido ya kompyuta yanapendeza macho, lakini nani analipa bei yake?

Muuzaji anapotaka kumvuta mnunuzi wa kompyuta, kitu cha kwanza anachomuonyesha si kazi ya mashine, ni sura yake: madirisha yanayopitisha mwanga kama kioo, yanayofunguka polepole, yenye vivuli pembeni. Kwa mwanafunzi wa Bukavu ao mwenye kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi Butembo, anayetumia mashine iliyokwisha kutumiwa na mwingine, swali ni la feza. Je, uzuri huo unastahili nguvu unayokula?

Jibu la haki lina sehemu mbili. Kazi ambayo kadi ya picha inafanya chini kwa chini inastahili. Mapambo yanayowekwa juu ya kazi hiyo, kwenye mashine isiyo na nguvu, mara nyingi hayastahili.

Watu wengi wanachanganya vitu hivyo viwili. Zamani, kila programu ilichora dirisha lake moja kwa moja kwenye skrini. Programu moja ikikwama, dirisha lingine likipitishwa juu yake liliacha alama kama mguu wenye matope. Leo kila dirisha linachorwa kwanza pahali pake katika kumbukumbu, kiisha kadi ya picha inayaunganisha yote kuwa picha moja. Apple iliikabizi kadi ya picha kazi hiyo mwaka wa 2002, katika Mac OS X 10.2. Prosesa ikapunguziwa mzigo, na skrini ikatulia. Anayesema kwamba yote hayo ni mchezo wa watoto anakosea.

Shida inaanza pale mapambo yanapogeuka kuwa sababu ya kununua mashine. Tarehe 30 mwezi wa kwanza mwaka wa 2007, Microsoft iliwaletea wanunuzi Windows Vista na sura yake ya kioo iliyoitwa Aero. Mbele ya hapo, kompyuta nyingi ziliuzwa zikiwa na kibandiko kilichosema kwamba zinaweza kubeba Vista. Kweli ziliweza, lakini nyingi zilibeba Vista ya chini kabisa, bila kioo hicho, kwa sababu kadi zao za picha hazikutosha. Wanunuzi walipeleka Microsoft mahakamani Seattle, huko Marekani. Mwaka wa 2008 mahakama ilikubali waungane katika kesi moja. Mwaka wa 2009 ilivunja muungano huo. Mbele ya macho ya watu wote ilionekana namna pambo linaweza kumfanya mtu alipie kitu ambacho hatakipata.

Tena, pambo lenyewe halikudumu. Katika Windows 8, mwaka wa 2012, Microsoft ilikitoa kioo cha Aero, ikarudia madirisha ya rangi tupu. Mwaka wa 2025 Apple nayo ikaleta sura ya kioo katika simu na kompyuta zake. Watumiaji walilalamika kwamba maandishi hayasomeki vizuri, na muda mfupi kiisha kampuni ikaongeza njia ya kupunguza mwangaza huo wa kupita. Mwaka wa 2013, mwendo wa picha katika iOS 7 ulikuwa umewapa watu wengine kizunguzungu na kichefuchefu. Mitindo inakuja na kwenda kama ya nguo. Anayelipa kila mara ni mwenye mashine.

Si kwamba kila mwendo ni bure. Dirisha linaposhuka taratibu hadi chini ya skrini, anayejifunza kompyuta anaona limekwenda wapi. Mwaka wa 2006, Compiz iliwaletea watu wa Linux skrini inayozunguka kama sanduku lenye pande nne. Wengi walicheka, lakini pia walielewa haraka kwamba mtu anaweza kuwa na meza kadhaa za kazi katika mashine moja. Doido linalofundisha kitu lina kazi. Doido la kujionyesha tu ni uzuri wa mkakasi.

Kwa wakaaji wa miji ambako umeme unakatwa mara kwa mara, hesabu inabadilika zaidi. Mashine nyingi za bei nafuu hazina kadi ya picha ya pekee. Sehemu yao ya picha inakopa kumbukumbu ileile ambayo programu zinatumia. Na kila dakika ya betri ina bei yake. Watengenezaji wenyewe wanalijua: Windows inapoingia katika hali ya kuokoa betri, inazima kioo yenyewe.

Jambo hili lina uzito sasa, kwani tangu tarehe 14 mwezi wa kumi mwaka wa 2025, Microsoft haiungi tena mkono Windows 10 kama zamani, na wengi wanaambiwa wanunue mashine mpya. Mbele ya kulegea kwa muuzaji, mwenye Windows 11 inayokwenda polepole afungue mipangilio, aingie Accessibilité, azime "Effets de transparence" na "Effets d'animation". Haitafanya muujiza. Kama diski ni ya zamani, ile inayozunguka, kuibadilisha na diski ya SSD kunasaidia zaidi. Lakini yote mawili ni bei ndogo kuliko kompyuta nyingine.

Na kila kompyuta nyingine ina asili yake. Tantali iliyo ndani yake inatoka katika koltani kama ile ya Rubaya, huko Masisi. Kobalti ya betri inatoka katika migodi kama ya Kolwezi. Nchi inayochimba vitu hivyo ina sababu kuliko nyingine zote ya kukataa mashine nzima itupwe kwa sababu ya kivuli cha dirisha.

Mtengenezaji mwenye heshima angeuza mashine ikiwa na mapambo yamezimwa pale nguvu ni ndogo, kisha amwachie mwenyewe kuyawasha. Mpaka siku hiyo, shule na ofisi zinazonunua kompyuta ziombe jambo moja kwa muuzaji: aache kuonyesha madirisha yanayoruka, afungue kazi ya kweli mbele yao, na betri ikiwa peke yake.